Pande la Kitindamimba

Msitu wa bibi yangu haukuwa na kisiki hata kimoja cha kukalia. Nilikuwa nimelisahau jambo hilo, nikakumbushwa na makalio yangu mwenyewe siku baba mdogo alipotuita kwenye kikao cha ukoo kule Matogoro. Kikao kilifanyika humohumo msituni, ili kila mtu akione kinachozungumzwa. Baba mdogo alikuja na ndoo ya kukalia. Mimi ni mtu wa sokoni, nimezoea kukaa popote panapobeba uzito. Nikachagua kisiki kinene, nikajishusha kwa heshima zote, nacho kikaniteremsha taratibu mpaka kwenye majani makavu. Shangazi alicheka mpaka akashikilia mti asianguke naye. Kisiki kile kilikuwa kimekatwa mshazari, kama unavyokata muhogo wa kuchemsha, tena chini ya goti, ili maji ya mvua yateleze, yasituame yakakiozesha. Maji yakiteleza na mtu anateleza.

Pale shangazi aliposhika, gome la ule myombo lilibanduka kidogo, harufu yake mbichi ikanifikia nikiwa bado chini, na mimi nikarudi utotoni bila kulipa nauli.

Ngoja nikupeleke huko, rafiki yangu, halafu tutarudi kwenye kikao. Baba mdogo hatakwenda popote, ana ndoo.

Bibi, mama yake baba, alikuwa na msitu kama wengine walivyokuwa na ng'ombe. Aliujua, akaulea, akaula. Aliugawa mapande, kutoka juu kwenye mawe mpaka chini kwenye kijito, na kila majira ya baridi, kuanzia Juni, pande moja lilikatwa lote, mengine yakaachwa yakue. Visiki vilichipua upya kutoka kwenye mizizi ileile ya zamani, na zamu ilipozunguka ikarudi, palikuwa na fito na nguzo kana kwamba hapajawahi kukatwa mtu wala mti. Hatukupanda hata mche mmoja.

Sasa utaniuliza, alijuaje pande limeiva? Kalenda hakuwa nayo. Alikuwa na watoto. Mwaka aliomwachisha mtoto ziwa, pande lililokatwa mwaka huo lilichukua cheo cha mtoto huyo. Palikuwa na Pande la Kifungua Mimba, Pande la Mapacha, na pande la binti yake ambalo sisi wajukuu tuliliita Pande la Shangazi. Chini kabisa, karibu na kijito, palikuwa na Pande la Kitindamimba, ambaye ndiye huyu baba mdogo wa ndoo. Watoto walipokwisha, akaanza na wajukuu.

Kila mwaka mtoto mwenye pande aliitwa, akasimamishwa kando ya mti wake. Bibi alizungusha vidole kwenye muundi wa mtoto, kisha akavizungusha kwenye mti. Vikilingana, shoka linolewe. Kalenda hiyo, kama kalenda zote, ilikuwa na kasoro zake. Shangazi alikuwa na miguu ya korongo, basi pande lake likakatwa kabla ya wakati, na jiko la jirani lililojengwa kwa fito zile lilikuwa limeegemea upande mmoja mpaka nakua. Mimi nilizaliwa na miundi minene. Pande langu lilicheleweshwa mpaka babu akauliza mezani kama wanasubiri mti unenepe au wanasubiri mimi nikonde.

Asubuhi za Julai pale chini ya mlima, ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba ulisikia mtu kabla ya kumwona. Mashoka yalikuwa matatu, la bibi, la mama na la jirani, na ungeweza kuyatofautisha ukiwa bado kitandani. La bibi lilipiga mara chache, kwa kina. La mama lilikuwa na haraka ya mtu aliyeacha sufuria jikoni. La jirani lilipiga, likanyamaza, kwa sababu jirani hakuweza kukata na kusema kwa wakati mmoja, na kati ya hayo mawili alipenda kusema. Sisi wasichana kazi yetu ilikuwa kubeba fito kichwani, juu ya ngata ya majani. Gome lililobanduliwa ndilo lililokuwa kamba. Saa nne tulikula viazi vitamu vilivyofukiwa kwenye majivu, na togwa ya baridi kutoka kwenye kibuyu, ambayo jino bovu halikuisamehe. Mvua zikianza, uyoga uliota kwenye pande lililokatwa, pale jua lilipopata njia ya kufika chini, tukala na ugali mpaka tukawasahau dagaa wa Nyasa kwa wiki nzima. Misuku tu ndiyo haikuguswa na shoka, kwa sababu matunda yake, masuku, yakikosekana watoto wangelia, na bibi hakupenda kelele za asiyekuwa yeye.

Ikifika Septemba kazi ilisimama. Miyombo yetu unaijua, inatoa majani mekundu kabla hata ya tone la mvua, mlima mzima unafanana na kaa la moto. "Akishavaa nyekundu ameamka," bibi alisema. "Ukimkata sasa, umemkata akiwa anaoga."

Tena alikuwa na jambo lililowashangaza wageni: msitu wake aliuchoma mwenyewe. Mwanzoni mwa kiangazi, nyasi zikiwa nusu mbichi, alizungusha moto mdogo pembezoni, moto wa kuchechemea, sisi tukiufuata na matawi mabichi kuuchapa ukitaka kukimbia. Moto mkubwa wa Oktoba, ule unaoanza kwa mtu asiyejulikana na kuishia kwa watu wote, ulipokuja ulikuta meza imeshafutwa.

Lakini kazi niliyoichukia ilikuwa ya kupunguza. Kisiki kikichipua hakijui kiasi. Kinatoa machipukizi kama mtu aliyealika harusi bila kuhesabu sahani. Bibi alichagua mawili au matatu, yaliyoota chini, yenye mwili, mengine yote tukayang'oa kwa mkono yakiwa bado laini, tukawapa mbuzi.

"Bibi, haya tuyaache."

"Ya nini?"

"Ni mengi. Mengi si ndiyo vizuri?"

"Mke mwenzangu," akasema, maana ndivyo alivyoniita, tulikuwa na mume mmoja, babu, "unayahurumia? Basi hamia hapa uyapikie."

Jirani aliacha shoka, kama kawaida yake. "Huyu atakuwa mfanyabiashara. Angalia anavyoshika, haachii!"

Bibi alipofariki, zamu ilikatika. Si kwa ugomvi wala kwa amri. Mama aliumwa mgongo, jirani alihamia kwa mwanawe Mbinga, sisi tukaolewa na kusomeshwa na kutawanyika. Nyumba zikaanza kujengwa kwa matofali, fito zikaonekana ni mambo ya watu walioshindwa. Wakaja wa mkaa, wakakata walichotaka, kwa urefu waliotaka. Na kwa kuwa hakuna aliyeuchoma msitu mapema, Oktoba ikauchoma kwa niaba yetu, kila mwaka, na kila chipukizi lililoinua kichwa likapata moto.

Sasa turudi kwenye kikao.

Baba mdogo alikuwa na hoja, na sitaki umwone kama mtu mbaya. Msitu umelala, alisema, miti imepinda, tunavuna majivu tu. Vijana wenye sururu wapo, wang'oe visiki vyote kabla ya mvua, alime mahindi. Hakuna mtu Songea anayeweza kubishana na mahindi, mimi mwenyewe ndiyo ninayouza. Wakubwa wakatikisa vichwa kukubali. Nikaona jambo linapita hivihivi, na nikajua kisiki kikishang'olewa na mizizi yake, hakuna wa kukirudisha hata angefufuka bibi mwenyewe. Nikajifuta majani.

"Baba mdogo, shikamoo," nikasema, ingawa nilishamwamkia. Anayetaka kupunguziwa huanza na heshima.

"Marahaba, mama. Ukianza hivyo najua umekuja kuharibu bei." Mimi nina jina la bibi, kwa hiyo yeye huniita mama, na hilo ni jambo ambalo sijawahi kuacha kulitumia.

"Usiving'oe. Nipe mvua mbili nivikate upya, uone."

"Mvua mbili? Sina hata moja ya kukupa. Visiki hivi vimekufa."

"Kama vimekufa, unaogopa nini kuniachia?"

"Hapo amekushika," akasema shangazi.

Baba mdogo akazungusha macho. "Haya. Mvua moja, pande moja. Lakini pande nachagua mimi." Akanyoosha kidole bondeni, kwenye Pande la Kitindamimba, lake mwenyewe, lililoungua kuliko yote. "Mahindi ya majirani yakifika kiunoni, nakuja. Kisiki ambacho chipukizi lake halijafika kwenye goti langu, kimekufa. Waliokufa wakizidi walio hai, sururu zinaingia msitu mzima, na sitaki kusikia shikamoo nyingine."

"Goti lako umesimama, au umekaa kwenye ndoo?"

"Nimesimama, mama."

Tukashikana mikono. Kutoka pale nikaenda ofisi ya kijiji kutafuta kibali, na bwana misitu akaja kuangalia. Alikuwa kijana mwelewa. Alisema miyombo inachipua vizuri, maadui zake ni moto na mifugo, na pale kwetu moto umeshinda mara nyingi. Akanipa kibali, na alipotaka kupumzika akatafuta kisiki cha kukalia. Nilimwonya, lakini nilichelewa kidogo.

Nikapata vijana watatu wa palepale Matogoro, wenye mashoka na mikono ya kazi. Mkanda wa pembeni tukauchoma mapema, nyasi zikiwa nusu mbichi. Nikawaonyesha ukataji: chini, mshazari, usichane gome. Walishika haraka kuliko nilivyotarajia. Siku ya pili kazi ilikuwa inakwenda vizuri mno, nikawaacha nikawahi mzigo wa maharage mjini.

Hapo ndipo tulipoponzwa na jambo ambalo kila mtu wa kwetu analijua. Ukifungua shamba jipya, matawi unayalundika juu ya kisiki, unawasha, kisiki kinaungua mpaka mizizi, na jembe linapita. Vijana wale walilelewa hivyo, baba zao walilelewa hivyo. Nilikuwa nimewaambia kila kitu isipokuwa hicho, kwa kuwa sikudhani kinahitaji kusemwa. Wakalundika vizuri kabisa, lundo juu ya kila kisiki, wakaanza kuwasha kutoka pembe ya kijito.

Shangazi alikuwa anapita na mkongojo wake akaona moshi. Wanasema alikimbia. Mimi sijamwona shangazi akikimbia tangu nizaliwe, lakini mashahidi ni wengi.

"Zimeni! Zimeni, mnaua watoto!"

"Watoto gani, shangazi?"

"Hao hapo chini!"

Kijana mmoja akainama kuchungulia chini ya lundo, uso umembadilika rangi. Alipoelewa ni watoto gani, akakaa chini kwanza apate pumzi, ndipo akachukua tawi bichi. Waliuzima moto, wakayatoa malundo yote yaliyobaki, wakayapanga katikati ya visiki. Lakini pembe ile ilikuwa imekwisha. Niliporudi nikagusa kisiki kimoja, bado kilikuwa cha moto kama chungu.

Nilifikiri kusimamisha kazi. Nikakaa pale kwenye ndoo, maana mimi nami nilishajifunza kuja na ndoo, nikatazama pembe nyeusi, nikatazama sehemu iliyobaki. Bado ilikuwa kubwa. Nikawaambia vijana tuendelee.

Moto wa Oktoba ulikuja kutoka ng'ambo ya kijito, ukifoka. Ulifika kwenye mkanda wetu uliochomwa, ukanusa, ukazunguka, ukaenda kwa wengine. Vijana walipiga vigelegele kama wanawake. Hapo nilidhani tumeshapita shida, kumbe iliyokuwa mbele ilikuwa ya kimya. Mlima wote ulishavaa nyekundu, kila mti umeamka, na visiki vyangu havikusema neno. Nilikwenda kila Jumapili baada ya misa nikiwa na viatu vya kanisani. Nilipapasa magome. Hakuna kitu. Mjini habari zilishafika, na wenzangu wa sokoni hawakunionea huruma.

"Mama Visiki, vipi huko, wazima?"

"Wanakusalimia," nikawa nawajibu.

Shangazi ndiye aliyeona kwanza. Alinipigia simu akasema neno moja tu, "Chunusi," akakata, kuokoa salio. Nikaacha gunia limefunguliwa. Kweli, chini kabisa ya kisiki, karibu na udongo, gome lilikuwa limetoka vipele kama uso wa kijana. Wiki iliyofuata vipele vilipasuka vikatoa ncha nyekundu. Halafu mvua ikanyesha, na baada ya hapo hatukuweza tena kuwazuia.

Mahindi ya majirani yakafika kiunoni. Baba mdogo akaja, bila ndoo safari hii, amevaa kaptula ili goti lionekane na pande zote mbili. Akaenda moja kwa moja kwenye ile pembe iliyoungua, akaanza kuhesabu waliokufa kwa sauti ya kutangaza matokeo ya uchaguzi. Mimi nikaanza upande wa juu, kwa walio hai. Alipomaliza akarudia. Na mimi nikarudia, hiyo ni tabia yangu hata bila mashindano.

Tulikutana katikati, na hapo ubishi ukaanza, kwa sababu baadhi ya machipukizi yalikuwa yanagombea urefu.

"Hili halijafika."

"Shusha kisigino, baba mdogo. Mbona umesimama kwa vidole?"

"Ardhi ya hapa ndiyo imeinama."

"Ardhi ya kwako mwenyewe, leo imekuwa adui?"

Shangazi akaingilia kwa mkongojo, akaupima kwenye goti la mdogo wake kwanza, akauwekea kidole, kisha akapita nao kisiki kwa kisiki, na hakuna aliyethubutu kubishana na mwenye mkongojo. Waliokufa walikuwa wengi, sitakudanganya. Walio hai waliwazidi, si kwa kiasi cha kujisifia, lakini waliwazidi.

Baba mdogo akachuchumaa kwenye kisiki kimoja kilichokuwa na machipukizi mengi hata hayahesabiki, akayapapasa majani.

"Nilifikiri nimekufa," akasema. Baadaye akainuka, akajikung'uta, mfanyabiashara mwenzangu akarudi. "Sururu haziingii msituni. Lakini pembe iliyoungua nipe nilime. Hiyo imeshakufa, huwezi kukataa."

Nilitaka kukataa. Pembe ile ina udongo mzuri, tena pale kijitoni ndipo tulipokuwa tunanawa miguu na fito zetu kabla ya kupanda nyumbani. Nikaitazama tena. Hapakuwa na kipele hata kimoja. "Chukua," nikasema, "lakini ukichoma mabua yako mwezi wa kumi, nakuja na shangazi."

"Na mwaka huu Juni unakata pande gani?"

"La Mapacha."

"Nani atakusaidia?"

"Wewe."

"Mimi nina mgongo, mama."

"Nitakutafutia shoka fupi."

Akacheka, lakini hakusema hapana, na mimi nimefanya biashara miaka mingi kiasi cha kujua maana ya hilo.

Sasa nikienda kule husikia mashoka ya vijana, na ni mazuri, lakini yote yanalia sauti moja. Lile lililopiga likanyamaza ili lipate kusema, hilo halipo tena. Hakuna jiko la fito lililobaki Matogoro, si la kusimama wala la kuegemea. Matofali yameshinda, na matofali hayohayo yanachomwa kwa kuni, ndiyo maana sina wasiwasi kama kuna atakayezitaka nguzo zangu. Pande la sasa nitalipima kwa kamba yenye fundo, kwa sababu miguu ya watoto wa ukoo iko Dar es Salaam na Mbeya, inakuja Krismasi na viatu vyake, inarudi. Hakuna mtoto wa kumsimamisha kando ya mti. Hilo linaniuma kuliko pembe ya kijitoni.

Wiki iliyopita nilikuwa kule peke yangu, nikipunguza. Kisiki kimoja kilikuwa na machipukizi mazuri sana, yote yamenyooka, yote yana mwili, na mkono wangu ulikataa kama zamani. Nikahesabu, nikahesabu tena, yakawa yaleyale. Nikaacha mawili, mengine nikayang'oa. Kisha nikafanya hesabu nyingine ambayo nilikuwa naikwepa, ya mapande na miaka. Nayo niliirudia, haikubadilika. Zamu itakapozunguka msitu wote ikarudi kwenye pande lile, nitakuwa na umri ambao bibi hakuufikia, na pengine nisiwe nao. Nikafuta mikono iliyonuka utomvu kwenye majani. Halafu nikasogea kwenye kisiki kilichofuata, kwa sababu kilikuwa na machipukizi mengi kuliko kile cha kwanza, na jua lilikuwa bado juu.